Wadau wa Mbeya, fundi wa kweli wa miti ya nyumbani anapatikana wapi? Mparachichi wa marehemu mama umeniliza

#1 Binti wa Loleza

Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Uzi ni mrefu kidogo, naombeni mnivumilie kwasababu hili jambo limenikaa rohoni na nisipoeleza lilivyoanza hamtaweza kunisaidia vizuri.

Nyumba ni ya wazazi, Forest ya Zamani hapa jijini. Uani tuna miti mitatu mikubwa. Getini kuna mjakaranda, ikifika mwezi wa kumi barabara yote inakuwa zambarau watu wanasimama kupiga picha. Nyuma ya jiko kuna mparachichi wa kienyeji alioupanda mama mwaka 1988, mwaka niliozaliwa mimi, kwahiyo nimekua nao. Na kona ya nyuma kwenye fensi kuna mlingoti (mkaratusi) mmoja mrefu sana, mita 25 hivi kwa macho yangu, huo tuliukuta.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa tisa, walipita vijana watatu na chenso begani na kamba, wakagonga geti wakaniambia dada huo mparachichi mvua zikianza utawaangukia, tupe elfu 80 na kuni tuchukue sisi, tunaupunguza leo leo. Mama alikuwa ametangulia mbele za haki miezi michache tu nyuma yake, kichwa changu hakikuwa sawa, nikaogopa nikawapa nusu nikaenda kazini Mwanjelwa. Narudi jioni nakuta shina na mikono minne imenyooka juu haina hata jani. Nikauliza ndo kupunguza huku? Wakasema utachipua usijali, wakadai nusu yao wakaondoka.

Ukachipua kweli. Ila ulivyochipua ni kama mafagio, machipukizi kumi kumi sehemu moja yanakimbilia juu, matunda hakuna, na ile mikono mikubwa upande wa juu ganda limekauka na kupasuka. Sasa wiki mbili zilizopita mvua ya kwanza ilikuja na upepo, machipukizi mawili mazito kama mguu wangu yameng'oka na nyama ya shina yakatua juu ya bati la jiko la jirani. Bati mbili zimekunjika. Mtoto wake alikuwa ametoka humo jikoni muda si mrefu. Sikulala siku hiyo.

Jirani hajagomba, ila ameniambia kwa upole mama fulani huu mti utoe wote. Na wakati nazunguka uani nimeona kingine, ule mlingoti chini yake udongo umechanika upande wa ndani, ufa unaingia vidole viwili, na mti umelala kidogo kuelekea njia ambako nyaya za umeme zinapita. Mwaka jana haukuwa hivyo.

Naombeni msaada. Mparachichi unaweza kupona au ndo basi? Mlingoti nani anauweza? Na fundi wa kweli namtambuaje, maana wale watatu nao waliniambia ni mafundi.

#2 Kijana wa Ilomba

Pole sana dada, na pole ya mama. Mlingoti toa haraka, hiyo milingoti inakunywa maji balaa na mizizi inavunja fensi. Sisi huku tulimpa jamaa laki na nusu akautoa.

#3 Mpasua Mbao

Kamwene wote. Mimi nipo Mafinga, nimeshika chenso miaka 14, mingi yake kwenye mashamba ya miti huku Sao Hill, na siku hizi naitwa pia majumbani Iringa mjini hadi Makambako, kwahiyo naongea kwa kitu ninachokifanya.

Dada, kosa watu wanalofanya ni kudhani anayejua kuangusha mti porini anajua kuutoa nyumbani. Shambani paina ipo kwenye mstari, nachagua upande, nakata mdomo mbele kama robo ya unene, narudi nyuma nakata juu kidogo ya mdomo, naacha ile bawaba katikati ili mti ulale nilipotaka, nakimbia nyuma kwa mshazari, umekwisha. Kanuni yetu ni mtu yoyote akae mbali mara mbili ya urefu wa mti. Mti wa mita 25 maana yake mita 50 pande zote. Forest ya Zamani unatoa wapi mita 50? Ndomaana mti wa nyumbani unashushwa vipande, kila kipande kimefungwa kamba na kuna mtu chini anakihudumia taratibu, na hiyo ni kazi nyingine kabisa, wengi wa sisi wa porini hatuijui mpaka ufundishwe.

Fundi akija kwako angalia haya. Kwanza amekuja kuona mti au ametaja bei kwenye simu? Anayetaja bei bila kuona achana naye. Pili, je anazunguka mti? Mimi nikifika naangalia chini kabla ya juu. Uyoga kwenye kitako cha shina, udongo uliochanika kama huo wako, shina linalolia tupu ukiligonga na mgongo wa panga, tawi lililokatika likanasa juu (hilo limeua wenzetu wengi kuliko mti wenyewe). Tatu muulize kipande kinaanguka wapi, na anayebaki chini ni nani. Akikujibu "usijali" jua hana jibu. Nne vifaa. Mkanda wa kupandia, kamba mbili na siyo moja, helmeti, buti. Mtu anapanda na ndala na chenso inaning'inia kiunoni kwa kipande cha shuka, hata kama ni shujaa huyo usimruhusu kwenye uzio wako.

Na bei. Elfu 80 kwa mparachichi ule ilikuwa rahisi kwasababu waliokuja walikuja kutafuta kuni. Ukimlipa mtu kwa kuni atakata zilizo nene. Hapo ndipo mti wako ulipoponzwa.

#4 Mama Wawili Soweto

Hiyo ya mwisho ya Mpasua Mbao isomwe mara mbili. Mimi pia nilisema "kuni chukueni" nikaona nimeokoa hela. Mwembe wangu umebaki kisiki.

#5 Bwana Miti

Binti wa Loleza pole. Nimesoma misitu chuo cha Olmotonyi na nimefanya kazi ya miti maisha yangu yote, ngoja nieleze kilichotokea kwenye huo mparachichi kwasababu ukikielewa utaweza kumsimamia fundi yoyote.

Mti chakula chake unatengeneza kwenye majani. Ukiondoa majani yote kwa siku moja mti unabaki na akiba iliyo kwenye shina na mizizi tu, unashtuka, unaamsha machipukizi yaliyolala chini ya ganda, yote kwa pamoja, yakimbilie juu kutafuta jua. Watu wakiyaona wanafurahi wanasema umependa kukatwa. Ule ni mti wenye njaa. Na chipukizi la namna hiyo halijashikana na kiini cha shina kama tawi lililokua nalo tangu utoto, limebandikwa kwa juu tu kwenye mbao mpya, kwahiyo linanenepa na kuwa zito huku limeshikiliwa na kitu chembamba. Na pale chini yake palipokatwa panaoza taratibu. Miaka mitatu minne linafikia uzito ambao upepo unalivua. Kwa maneno mengine walikwambia mti ni hatari wakaugeuza kuwa hatari kweli.

Ganda kupasuka upande wa juu ni jua. Mparachichi ganda lake ni laini na limezoea kivuli cha majani yake, ukiufunua ghafla jua la huku juu tulipo linaunguza. Hapo chokaa ina kazi yake halali, ipakwe kwenye ile mikono iliyo wazi ili irudishe jua, au rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa. Siyo kwa urembo wa kupaka mashina yote ya mtaa kila mwezi wa kumi na mbili.

Unaweza kupona? Kama shina halijaoza ndani, ndiyo, ila kwa subira. Kwenye kila rundo la machipukizi chagua moja au mawili yaliyo imara na yaliyokaa vizuri kuelekea nje, mengine yaondolewe kidogo kidogo kwa misimu miwili mitatu, usiyatoe yote siku moja maana utarudia lile lile. Msimu mmoja usivuke robo ya majani yote. Yale uliyoyabakiza yafupishwe yasiwe marefu sana kabla ya mvua kubwa.

Na namna ya kukata. Tawi linapotoka kwenye shina kuna kivimbe kama pete ya nyama. Usiiguse hiyo pete, kata nje yake tu, na pia usiache kijiti kirefu. Pete ndiyo inayofunga kidonda. Tawi zito linakatwa mara tatu: kwanza chini, kiasi cha futi moja toka kwenye shina, unaingia kama theluthi, halafu juu mbele kidogo ya hapo tawi linadondoka bila kuchana ganda, halafu ndo unamalizia kile kipande kilichobaki pale nje ya pete. Ukimwona fundi anakata toka juu moja kwa moja na tawi likaondoka na ganda mpaka chini, msimamishe.

#6 Mkaazi wa Iwambi

Mkuu Bwana Miti, mie huwa nikikata napaka oili chafu au lami kwenye kidonda maji yasiingie. Ni sawa?

#7 Bwana Miti

Acha ndugu yangu. Zamani tulifundishwa hivyo hivyo, na siyo sisi tu, dunia nzima walikuwa wanapaka. Kuna Mmarekani mmoja anaitwa Alex Shigo, alikuwa mtafiti wa idara ya misitu ya kwao, huyu alitumia miaka mingi akipasua miti kwa chenso kwa urefu, maelfu, aone ndani kinachotokea baada ya kidonda. Alichokuta ni kwamba mti hauponi kama sisi tunavyopona. Sehemu iliyoumia haiwi mpya tena, mti unaizungushia ukuta ndani kwa ndani, unaufungia uozo humo, halafu unaota mbao mpya kwa nje. Rangi na lami hazikuzuia uozo, na nyingine zilitunza unyevu ukawanufaisha fangasi. Kata vizuri, acha wazi, mti ufanye kazi yake.

#8 Ngonya Mzalendo

Nawaheshimu wakuu ila mimi naona mnatisha watu bure. Huku kwetu Rungwe tangu babu zetu mparachichi unakatwa kichwa na unazaa. Chai inakatwa kila siku si ipo? Milingoti inakatwa inachipua tunavuna nguzo. Hizo pete na nini ni mambo ya wazungu wenye hela ya kutunza miti.

#9 Bwana Miti

Swali zuri na nakujibu kwa heshima. Chai umeitunza iwe kichaka cha kiunoni tangu ikiwa mche, hakuna tawi la kilo 100 juu ya kichwa cha mtu. Mlingoti ukikatwa chini kabisa ardhini, machipukizi yanaanzia chini, unapunguza unabakiza mawili, ukifika umri wa nguzo unavuna, hayaachwi yazeeke. Na mparachichi wa kienyeji unakatwa makusudi ukitaka kuubebesha aina nyingine, yaani kuuunganishia kijiti cha mti mwingine, Hass kwa mfano, hapo kichwa kipya kinalelewa na mwenye shamba kila mwezi. Kinachogomba ni mti mkubwa uliosimama juu ya nyumba, kukatwa kichwa mita sita juu, halafu ukasahauliwa. Babu zetu walikuwa na nafasi, tawi likianguka linaanguka kwenye migomba. Dada hapa limeanguka jikoni kwa mtu.

#10 Ngonya Mzalendo

Hapo kwenye jikoni nimekuelewa mkuu. Ndaga.

#11 Fundi Umeme Nzovwe

Mimi naongelea mlingoti tu. Dada kama mti unaelekea nyaya usimruhusu mtu YOYOTE kuugusa kabla hujaenda ofisi ya TANESCO ya wilaya ukaandikisha. Wao wanakuja kuangalia na siku ya kazi wanazima laini, ikibidi wanashusha waya kabisa. Tawi bichi lililoloa ni waya tosha, siyo lazima chenso iguse, tawi likigusa laini na wewe umeshika kamba iliyoloa umekwisha. Na siyo nyaya za njiani tu, ule waya unaotoka nguzoni kuja kwenye mita yako watu wanausahau, tawi likiuvuta linang'oa na mabano ya ukutani. Hata kamba ya bluu ya plastiki kwenye mvua usiiamini.

Na mti ukishaangukia waya, usisogee, usimwage maji, zuia watoto, piga TANESCO na kama kuna mtu au moto piga 114 zimamoto.

#12 Mtumishi wa Mtaa

Naongeza upande wa makaratasi ambao watu wanaudharau mpaka yawakute. Kwenye mtaa ninaofanyia kazi kijana alidondoka toka kwenye mwarobaini, akavunjika mgongo. Mwenye nyumba hakuwa na karatasi hata moja, waliongea barabarani. Familia ya kijana ilikuja kwa mwenye nyumba, na wana haki ya kulia, nani mwingine waende kwake? Alitibia mpaka akauza pikipiki.

Kwahiyo kama ni kampuni iliyosajiliwa, muulize kama imejisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwasababu kwa sheria mwajiri ndiye anayechangia na mfanyakazi akiumia mfuko unamhudumia. Kama ni fundi wa mtaani, na wengi ndo hao, andikianeni. Kazi gani, mti upi, nani anatoa takataka, nani analipa bati la jirani likikunjika, pesa ngapi sasa na ngapi baadaye. Isainiwe mbele ya mjumbe au mtendaji. Usilipe zaidi ya nusu kabla. Na pitia kwa afisa misitu wa jiji uulize kibali, hasa kama ni mti wa asili, kuna miti kama mvule au mninga imelindwa kisheria, kuota uani kwako hakukupi ruhusa ya kuukata tu. Na fundi akitaka kusafirisha magogo akauze, geti la maliasili ataulizwa hati ya kusafirishia, hilo liwe lake na mlimalize mapema.

#13 Mwalimu Uyole

Marahaba wanangu. Mzee wenu nimesoma yote, mmesema vizuri ila mmekaa sana juu kwenye matawi. Mimi nauliza: binti, hapo karibu na mlingoti mmechimba nini miaka ya karibuni?

#14 Binti wa Loleza

Shikamoo mwalimu. Mwaka jana tulichimba mtaro wa bomba la maji machafu kwenda shimo jipya, umepita kama hatua mbili toka kwenye shina. Tulikata mizizi minene mitatu, fundi alisema haina shida.

#15 Mwalimu Uyole

Basi umepata jibu la ule ufa. Watu wanadhani mizizi ya mti inaenda chini sana kama mti ulivyo juu. Sivyo. Mingi ipo kwenye futi mbili za juu na imetambaa mbali kuliko kivuli cha matawi. Mizizi minene iliyo jirani na shina ndiyo miguu. Umekata miguu ya upande wa ndani, kwahiyo mti unalalia upande wa njia, na udongo nyuma yake unanyanyuka. Mvua ikilowesha zaidi udongo hauna nguvu ya kushika. Huo usingoje mwezi wa pili. Usiweke watoto upande ule, na hamisha kamba ya nguo kama ipo.

Halafu niwaombe wote mnaojenga. Mkipaka sementi uani msimwage zege mpaka kwenye shina, acheni duara la udongo, mti unapumua chini. Msichome takataka kwenye shina. Msipigilie misumari na mabango. Wekeni matandazo ya majani kiganja kimoja kwenda juu, lakini yasiguse shina, yakigusa yanaozesha ganda na kukaribisha mchwa. Mparachichi hautaki maji yaliyotuama hata kidogo, mizizi yake inaoza, kwahiyo maji ya jikoni yaelekezwe kwingine.

Wenye ua wa saiprasi nao, mkiona unakauka kahawia toka ndani ya matawi angalieni kwa karibu kama kuna vidukari vya kahawia vimejipanga kwenye vijiti. Mdudu yule aliingia ukanda wetu miaka ya themanini, alionekana kwanza Malawi mwaka 1986, na alimaliza ua nyingi sana huku kwetu, nakumbuka barabara nzima ya Uyole ilivyogeuka rangi. Watu walikuwa wanamwaga maji wakidhani ni kiu.

#16 Mama Wawili Soweto

Mwalimu ubarikiwe. Nimetoka nje na tochi kuangalia ua wangu saa hizi.

#17 Kijana wa Ilomba

Nimefuta ile kauli yangu ya laki na nusu. Wetu ulikuwa kwenye kiwanja kitupu, hakukuwa na waya wala jirani.

#18 Binti wa Loleza

MREJESHO. Zimepita wiki tano, samahanini kwa ukimya, nilisema nisirudi mpaka kazi iishe.

Niliita mafundi watatu. Wa kwanza alitaja laki mbili kwenye simu kabla sijamaliza sentensi, nikamshukuru. Wa pili alikuja na kijana wake, alisimama getini dakika tano akasema toa yote mitatu, mjakaranda nao utakusumbua, kuni nitachukua. Nikakumbuka maneno ya hapa nikamuuliza kipande kinaanguka wapi, akasema usijali. Akaenda zake.

Wa tatu nilielekezwa na mama mmoja wa kanisani, mzee wa miaka sitini hivi anafanya kazi na wanae wawili. Alifika asubuhi, hakugusa mti kwa karibu nusu saa. Alizunguka, akapiga shina la mlingoti na mgongo wa panga akisikiliza, akachuchumaa pale kwenye ufa akaweka mkono, akaniomba nimuoneshe shimo la maji machafu lilipo. Mwalimu Uyole, yule mzee aliuliza swali lako lile lile. Halafu akaniambia kitu kilichonifanya nimwamini. Akasema, "Mama, huu mti mimi sipandi wala mwanangu hapandi. Mti umeachwa na mizizi, ukipanda unaenda nao."

Alichofanya, nilikwenda naye TANESCO tukaandikisha, wakaja kuona, wakatupa siku. Nyuma ya fensi kuna kiwanja kitupu cha mtu anayeishi Dar, tukampigia tukaomba ruhusa. Mtendaji akatusainia karatasi. Siku yenyewe walizima umeme wakashusha waya. Mwanae mmoja alifunga kijiwe kizito kwenye uzi mwembamba akaurusha mpaka ukavuka panda ya juu, mara ya nne ndo ukapita, kisha wakavutia kamba nene, kamba ikafungwa kwenye chenibloku, na chenibloku imefungwa kwenye kitako cha mkaratusi mwingine mnene uliopo mwisho wa kile kiwanja. Walikaza taratibu mpaka mti ukaacha kuegemea njia. Fensi walibomoa matofali ya sehemu moja, nilikubali, ipo kwenye mkataba. Watu wote wakatolewa hadi kule barabarani, hata mimi mwenye nyumba. Alikata yeye mwenyewe mzee. Ukaenda ulipoambiwa. Ardhi ilitetemeka nikalia, sijui kwanini, huo mti sikuupenda hata siku moja.

Tulipoangalia kisiki upande wa mtaro mizizi ilikuwa imeshaoza, nyeusi, inabonyea kwa kidole.

Kisiki alikichuna ganda lote kuzunguka mpaka chini ya udongo, akasema bila hivyo baada ya miezi miwili ningekuwa na milingoti ishirini. Jumla ya mlingoti laki nne, mtaniambia ni nyingi, lakini magogo yalibaki kwangu na mwenye mashine ya mbao amenipa laki na sitini akabeba na hati yake mwenyewe.

Mjakaranda hakuukata. Aliondoa tawi moja kavu, halafu akanionesha waya wa kuanikia nguo ambao tuliuzungushia shinani tangu niko darasa la tatu, umemezwa na ganda. Aliukata pande mbili akauacha uliomezwa ndani, akasema kuuchimbua ni kuumiza zaidi. Hiyo hakunilipisha.

Mparachichi. Alipanda huu, na mkanda na kamba mbili. Kila rundo amechagua mawili ya kubaki, kwa sasa ametoa kama robo ya yote, mengine mwakani, na mengine mwaka unaofuata. Elfu 70. Chokaa nilipaka mwenyewe juu ya ngazi huku wanae wameishika. Mkono mmoja kati ya ile minne una shimo, kijiti kiliingia hadi kiwiko changu. Amesema huo uutoe ndani ya miaka miwili, na shina lenyewe hakuna anayeweza kuapa. Jirani alikuja na chai ya tangawizi na mandazi kwa mafundi wote, bati zake nilishanunua, tumekaa pamoja jioni ile chini ya huo mparachichi kama zamani mama alivyokuwa anakaa na mama yake.

Swali langu la mwisho kwenu. Kama ipo siku utaoza, nataka niwe na mwingine, siyo wa dukani, nataka huu huu, parachichi zake ni zile ndefu za shingo, nyama ya njano haina nyuzi. Nikipanda kokwa lake nitapata huo huo?

#19 Bwana Miti

Hongera sana, na mzee huyo mpe salamu zangu, kukataa kupanda ni elimu kubwa kuliko kupanda.

Kokwa hapana. Parachichi linachavushwa na poleni ya popote, mtoto anaweza kufanana na mama au akatoka tofauti kabisa, na utasubiri miaka mingi kabla ya kuonja. Unachotaka ni kubebesha. Chukua vikonyo toka kwenye mti wa mama, vijiti vya unene wa penseli, urefu wa kiganja na kidogo, vilivyokomaa na macho yake yamevimba yanataka kufunguka, vitoe kwenye ncha za matawi yaliyotulia siyo kwenye yale machipukizi manene yanayokimbia. Kata majani ubakishe vikonyo vya majani, funga kwenye gazeti lililoloa kidogo halafu mfuko, usiweke juani, vibebeshwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Mche wa chini uwe wa kokwa la kienyeji, nao umefikia penseli. Usibebeshe mmoja, bebesha kumi, kuna itakayogoma. Ukitunza vizuri miaka mitatu hadi minne unaanza kuonja.

#20 Mwalimu Uyole

Binti, huku Uyole karibu na kituo cha utafiti wapo vijana wengi wa vitalu wanaobebesha parachichi, mikono yao ni mizuri. Njoo asubuhi mapema na vikonyo vyako kabla jua halijawa kali. Na unapopanda huo mpya, hatua kumi na mbili toka nyumba, na mbali na ule mtaro.

#21 Binti wa Loleza

Asante mwalimu, asanteni wote. Nimeshaona macho yaliyovimba kwenye tawi la upande wa jirani, tumeyahesabu naye leo yapo kumi na nne. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nakata, saa moja nitakuwa stendi ya Uyole. Jirani ameomba mche mmoja uwe wake.